Kamba ya Ng'ombe wa Baba Mdogo

Kutoka Tunduru nilibadilisha mabasi mara tatu, siku mbili njiani. Mdogo wangu, askari, alikuwa ameuawa akilinda amani nchi ya jirani. Mimi nilikuwa machimboni, simu nimeizima kwa sababu zangu za kijinga. Nilipoiwasha, alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Tulipopita Maji ya Chai nilisogea mlangoni. Nilishuka mbele kidogo nikapanda mlima kwa miguu hadi kwetu Nkoaranga, moja kwa moja hadi kwenye migomba ya marehemu baba, alikozikwa mdogo wangu.

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye msalaba wake.

Alikuwa amekunya pale kichwani pa kaburi. Shada la maua la jeshi alikuwa amelitafuna, umebaki waya. Masale, ile mimea ya majani marefu tunayozungushia makaburi na mipaka, yalikuwa yameng'olewa, na maharage yamepandwa hadi ukingoni mwa kaburi.

Baba mdogo alitokea na ndoo ya kukamulia.

"Umefika, msafiri? Hata shikamoo hakuna?"

"Huyu ng'ombe vipi?"

"Ni kamba tu. Marehemu hana neno." Akacheka. "Wewe ulikuwa wapi tulipombeba? Shamba halimngoji mzururaji."

Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa la kweli. Ndiyo maana sikumsamehe.

Nilifungua kamba, nikamswaga ng'ombe hadi zizini kwake, kisha nikangoja Jumapili. Njia ya kutoka kanisani inapita pale pale. Nilikata vipande vya masale kwenye makaburi ya wazazi, na watu walipoanza kushuka nikaanza kuchimba.

"Pole, mwanangu. Unapanda nini?"

"Nazungushia kaburi la askari, ng'ombe wa baba mdogo asimnyee tena."

Kila aliyeuliza nilimjibu hivyo hivyo, kwa sauti. Baba mdogo ni mzee wa kanisa. Alipofika na suti yake, mama mmoja jirani alimsimamisha.

"Eti baba, umefunga ng'ombe msalabani? Na sadaka utapokea kwa mkono huo huo?"

Watu walicheka. Mimi niliendelea kushindilia udongo. Sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Siku ya nne baba mdogo alikuja na wazee wawili, ameshika chipukizi la isale, mche wa yale masale. Kwetu anayekuja nalo kuomba msamaha harudishwi.

"Nimekosa, mwanangu."

Nilikuwa nimeacha pengo moja, pale ng'ombe alipozoea kupita. Nikamwonyesha.

"Lipande mwenyewe, baba. Hapo."

Aliwatazama wazee. Wazee wakatazama chini. Akapiga magoti kwenye tope, akachimba kwa vidole. Ningeweza kumwambia inatosha mapema zaidi. Sikumwambia. Isale alilolipanda kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, hataling'oa hata akibaki peke yake mlimani.

"Yameisha?" aliuliza akijifuta.

"Yameisha," nilisema, kwa ajili ya wale wazee.

Kesho yake asubuhi nilisimama kaburini, nikampigia mdogo wangu saluti mbovu ya raia. Baba mdogo alikuwa uani.

"Utarudi lini?"

Nilipita bila shikamoo. Zipu ya begi langu ilikuwa imekufa, nimelifunga kwa kamba ile ya ng'ombe wake. Aliiona.

Sijarudi. Kamba ninayo.