Kumwamsha Baba Mkwe

Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kumgusa baba mkwe wangu. Hata mkono hatukuwahi kupeana. Nikimwona anakuja njiani nilimpisha pembeni, nikamwamkia huku nikitazama chini, naye aliitikia marahaba akiwa ameshanipita. Chakula chake nilipika mimi lakini alipelekewa na mtu mwingine. Marafiki zangu wa mjini wakisikia haya hudhani tulikuwa na ugomvi. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ndiyo heshima yenyewe, na kwetu upande wa Mtinko mke wa mtu anayemzoea mno mkwe wake husemwa mpaka habari zifike kwao alikozaliwa.

Kazi yangu ni usingizi. Ninawalaza watu wanaopasuliwa, halafu ninawaamsha. Wapo wanaodhani nachoma sindano moja kisha naenda kunywa chai, na hao hunikera kuliko ninavyoweza kueleza. Daktari anashika kisu, mimi nashika pumzi. Nikizembea kidogo tu, upasuaji mzuri unaishia kwenye jeneza.

Baba mkwe aliletwa hospitalini kwetu asubuhi kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mume wangu. Alianza kuumwa tumbo akiwa shambani kwenye alizeti, akamwambia mkewe kuwa ni gesi, akaendelea kusema ni gesi mpaka akaanza kutapika maji ya kijani. Daktari alimpapasa mara moja tu. Utumbo umejisokota, akasema, na usipofunguliwa sasa utaoza. Nikauliza kuhusu kumpeleka mjini. Akanitazama kwa huruma, maana alijua nauliza nini hasa. Mwenzangu wa usingizi alikuwa likizo. Nilibaki mimi peke yangu, na mzee alikuwa mkwe wangu.

Mume wangu alinivuta pembeni akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia nitaweza. Akarudi nyumbani kuwapa watu habari na kuangalia ng'ombe.

Kabla ya kumlaza mgonjwa lazima umuulize maswali. Amekula lini, ana meno ya bandia, ametumia dawa gani. Mzee aligeukia ukutani. Majibu yote aliyapitisha kwa mama mkwe aliyesimama katikati yetu. Mwambie sina jino la bandia. Mwambie nilikunywa uji jana. Nikawa namuuliza mtu aliyelala hatua mbili kutoka kwangu, na jibu linapita kwa mwingine kama tuko ng'ambo mbili za mto. Wakati mwingine ningecheka. Nilipofika kwenye swali la maumivu, alijibu mwenyewe.

"Sijambo," akasema.

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na mapigo ya moyo wake chini ya vidole vya nesi yalikuwa yanakimbia. Sikushangaa. Mkwe hamwelezi mke wa mwanawe habari za mwili wake, hasa sehemu za kiunoni na tumboni. Nilijua kuanzia pale kwamba mdomo wake hautanisaidia, na kwamba itabidi nisome moyo, paji la uso na vidole vyake.

Kumlaza kulikuwa rahisi kuliko nilivyohofia. Mtu akishalala hana cheo. Nilimfungua kinywa, nikapitisha mpira wa kupumulia, nikashika taya lake kwa mkono wangu wa kushoto bila kujiuliza ni la nani. Daktari aliukuta utumbo bado mzima, akaukunjua, akashona. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Aghalabu ugumu huja baadaye. Mtu aliyefunguliwa tumbo akiamka bila dawa kali ya maumivu, hapumui vizuri kwa sababu kila pumzi inavuta mshono. Kwa hiyo unampa mofini. Lakini mofini haiendi kwenye kidonda kama watu wanavyofikiri. Inakwenda kichwani na kuuambia ubongo kwamba maumivu yale si habari kubwa. Na palepale jirani, sehemu inayotukumbusha kupumua, nayo inaanza kusinzia. Ukimpa kidogo anateseka. Ukizidisha anasahau kupumua. Kwa mzee nafasi iliyopo katikati ni nyembamba, kwa sababu mwili wake hauiondoi dawa haraka.

Alipoamka nilimuuliza tena. Akasema sijambo. Ngumi zake zilikuwa zimekamata shuka. Nikampa mofini kwenye mshipa, kidogo, nikasubiri, kidogo tena, mpaka ngumi zikafunguka na moyo ukatulia. Niliendelea kumtazama mpaka niliporidhika na pumzi zake. Tukampeleka wodini. Nilikuwa namkabidhi kwa nesi wa zamu, mofini bado sijaiandika kwenye faili, nilipoitwa mbio: mjamzito, mtoto amekaa vibaya, damu inatoka. Nikakimbia. Nyuma yangu zamu ikabadilika, na neno la mofini likapotea katikati ya zamu mbili.

Mama na mtoto walipona. Nilivua glavu nikaenda wodini moja kwa moja, mchana ule jua likiwa bado kali madirishani. Mama mkwe alinipokea mlangoni, kidole mdomoni, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaninong'oneza kwamba mzee amepata usingizi, anakoroma vizuri kabisa, tumwache.

Nikasikiliza ule mkoromo. Ulikuja mmoja, mzito, halafu kimya. Nikasubiri unaofuata. Nilisubiri mpaka nikajikuta na mimi nimeacha kupumua. Ukaja.

Nilimuuliza nesi wa zamu mpya ni dawa gani amempa mzee. Alikuwa kijana mstaarabu, mwanamume, mwangalifu katika kazi yake, na alijibu bila wasiwasi kwamba alimkuta anasaga meno akijaribu kujigeuza, akamchoma pethidini kama daktari alivyoagiza. Kabla ya kuchoma alimuuliza mzee kama mimi nimeshampa kitu cha maumivu.

"Akasema, 'Sikumwambia kitu,'" nesi akaniambia.

Na kweli hakuniambia kitu. Mzee hakudanganya. Aliulizwa kuhusu dawa akajibu kuhusu heshima yake, na kijana wa watu, ambaye si wa huku, akaelewa kwamba sikumpa dawa. Pethidini na mofini ni za ukoo mmoja. Ya pili ilikuwa inaingia polepole kutoka kwenye nyama ya paja, ikiikuta ya kwanza bado imekaa.

Nilimtupia nesi funguo za kabati letu la chumba cha upasuaji nikamwambia alete mfuko wa kumpulizia hewa na naloksoni, ile dawa ya kuifukuza mofini. Akatoka mbio. Mimi nikasimama kando ya kitanda cha baba mkwe.

Sikumgusa. Naona aibu hata kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi alikuwa mgonjwa wangu, kwenye meza, chini ya taa, mimi nimevaa kofia na barakoa. Sasa alikuwa baba mkwe kitandani kwake, kifua wazi, na mkewe anatazama, na wodi nzima ya wanaume inatazama, wengine wakiwa wa vijiji vyetu. Nikainama nikasema kwa sauti ile ya kuombea chumvi, "Baba, naomba uvute pumzi." Hakuna kitu. Nilifunua jicho lake, mboni ilikuwa ndogo kama punje ya uwele. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

Nikapanda kitandani kwa goti moja. Nikakamata taya lake kwa mikono miwili nikalivuta mbele, kisha nikamsugua kifuani kwa konzi, kwa nguvu ya kuumiza.

"Vuta pumzi!"

Akavuta. Ndefu, mpaka mabega yakanyanyuka. Halafu akaishia hapo.

Mtu aliyezidiwa na mofini hajapoteza masikio. Amepoteza ule ukumbusho tu. Ukimwamuru anapumua, ukinyamaza anasahau. Kwa hiyo sikunyamaza. Nilimpigia kelele, vuta, tena, vuta, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, kwa maneno ambayo mtu humwambia ng'ombe aliyekwama matopeni. Nikahisi mtu amenishika kifundo cha mkono. Alikuwa mama mkwe.

"Unampigia kelele baba yako?"

Sikuwa na muda wa kueleza. Nilinyamaza, basi, nikamwonyesha kwa kidole midomo ya mumewe. Tukaitazama wote wawili. Kifua hakikupanda. Alisubiri, na mimi nikasubiri naye, na hakuna kusubiri kulikowahi kunitesa kama kule. Kisha akaniachia mkono, akainama sikioni kwa mzee, na kelele aliyoipiga ilifunika zangu zote. Mzee akavuta pumzi. Tukawa tunapokezana, yeye na mimi, mpaka nesi alipoingia.

Naloksoni inaigombania mofini kiti chake na kukikalia yenyewe. Ukiichoma yote kwa pamoja, mgonjwa anaamka na maumivu yote kwa mpigo, na moyo wa mzee unaweza usistahimili. Nilimpulizia hewa kwa mfuko huku nesi akiisukuma kidogo kidogo. Nikamwambia hajakosea kuuliza, na nilimaanisha. Baada ya kipindi kidogo mfuko ulianza kunikataa, maana kifua kilikuwa kinataka kupanda chenyewe. Nikauondoa. Mzee akapumua, akapumua tena bila kuambiwa. Mama mkwe alikaa sakafuni akajifunika uso kwa kanga.

Kazi ilikuwa haijaisha. Dawa ile ya kufukuza huchoka mapema, na zile zilizofukuzwa hurudi. Ilibidi mtu akae naye karibu kabisa, wa kumwita na kumgusa kila pumzi ikilegea, na mtu huyo alikuwa mimi. Nikashuka kitandani nikasimama, nusu hatua pembeni, nikirekebisha gauni langu la kazi kana kwamba hilo lingesaidia.

Alifungua macho jua likianza kulegea. Alinitazama usoni. Katika miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajanitazama usoni. Nilijiandaa kuangalia chini, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nikamuuliza swali lilelile, maumivu yakoje, baba.

Niliona kidevu chake kinatikisika.

"Inauma," akasema. "Mwanangu, inauma sana."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu asubuhi, na lilipokuja nilikuwa sina cha kumpa. Nilikuwa nimeshatundika dripu ya parasetamo, lakini kwa tumbo lililofunguliwa haikutosha, na kumwongezea mofini wakati ule kungekuwa kumuua. Nilimweleza hivyo, wazi, bila kuzunguka. Nikamwambia dawa kali bado ipo mwilini mwake, imefukuzwa kwa muda tu, na kwamba itabidi avumilie mpaka nione ni salama. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, naye hakuyaficha.

"Basi kaa hapa," akasema, akapapasa godoro ubavuni kwake.

Nilimtazama mama mkwe. Akageuza uso dirishani. Nikakaa kitandani kwa baba mkwe wangu, naye akanishika mkono, na kila maumivu yalipompanda aliubana kwa nguvu ili nijue.