Maji ya Mvua kwa Miguu ya Ndege

Scholastika, jirani yangu, alikuja asubuhi kuchukua moto, akanikuta nanyonyesha.

“Fundi Calist ana dawa,” akaniambia. “Kisima kina maji tele, yeye anataka ya mvua tu ya kuoshea miguu ya ndege. Kama si uganga ni nini?”

“Maji yenyewe anachota kwangu.”

“Kumbe na wewe umo!” Akacheka, akaondoka na kaa lake.

Fundi Calist ni Mnyiramba, miaka hamsini na tisa. Kila baada ya miezi michache huja hapa Kilimatinde kukagua ndege ndogo inayobeba madaktari. Asiposaini, hairuki. Kazi hiyo aliianza kabla sijazaliwa, na hujisifia jambo moja tu: hakuna mguu wa ndege aliousaini ukaja kukatika.

Siku hiyo nilimpelekea ndoo ya maji ya mvua kiwanjani, mwanangu Evodia mgongoni.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Tua hapo kivulini. Na huyo mbuzi mfukuze.”

Mbuzi alikuwa analamba mguu wa ndege. Vijana wa kiwanjani wamezoea kuiosha ndege kwa maji ya kisima ili ipendeze, na maji ya kisima chetu yana chumvi. Hata sufuria yangu imeota utando mweupe ndani. Fundi hakuwagombeza.

“Mbuzi anajua,” alisema. “Chumvi ikikaa kwenye chuma inaleta kutu. Kutu ikila mguu, siku ya kutua unakatika na watu wamo ndani.”

Akausuuza kila mguu taratibu, akakausha kwa kitambaa, akalala chali chini ya tumbo la ndege na tochi na kioo kidogo chenye mpini. Akaangalia, akapapasa, akarudia. Akainuka akijipangusa vumbi, akafungua daftari, akatoa kalamu.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa namfunga Evodia upya. Nikaona mguu wa kushoto, upande wa ndani, rangi imevimba kidogo, kama lengelenge la mtu aliyeungua jikoni.

Nikasita. Mimi ni nani hata nimwelekeze fundi? Halafu nikawafikiria watakaopanda.

“Fundi, hapo pamevimba.”

“Wapi?”

Nikamwonyesha. Alisogeza uso mpaka pua karibu iguse. Akakwangua kwa kijiti. Rangi ikabanduka, unga wa kahawia ukamwagika. Akafunga daftari bila kuandika.

“Hapo nimepita mara mbili,” akasema polepole.

Nilimwonea huruma. “Hapo pana kivuli, fundi. Nani angeona?”

“Wewe umeona.”

Rubani Fredrick alikuwa anakuja na begi lake, anauliza kwa mbali kama kazi imekwisha. Fundi akanishika mkono.

“Mama Evodia, usiondoke kwanza. Mwambie ulichoona, wewe mwenyewe. Na usinifichie: mwambie nilikuwa nimeshatoa kalamu nisaini.”