Seva ya Wifi

Nilimchukia wifi yangu. Kwa miaka nimekana, mbele ya mume wangu, mbele ya padri, hata mbele ya wifi mwenyewe, ambaye hakuniamini. Mtu aliyesoma chuo kikuu, nilikuwa nikisema, hachukii; anatofautiana kimawazo.

Tulifanya kazi kituo kimoja cha redio. Mimi nilikuwa studio, Migori, nikitunza rekodi zote. Yeye aliongoza tawi la Homa Bay, ofisi ya vyumba viwili ambako watu walileta matangazo ya vifo na harambee. Mkurugenzi alipoamua tuwe na seva ya pili, ili ya Migori ikiungua au ikiibwa rekodi zisipotee, aliipeleka kwa wifi. Nilipinga. Nilitoa sababu nyingi za kitaalamu, na zote zilikuwa wifi.

Fundi alinakili huko rekodi zilizokuwepo, kisha akapanga mpya zitumwe zenyewe kila Ijumaa usiku, wakati mtandao hauna watu. Usiku huo niliuchagua mimi. Sikukumbuka kwamba wifi ni Msabato, na kwamba Ijumaa kabla jua halijazama alikuwa akizima kila kitu ofisini, hata birika la chai, na kuchomoa nyaya ukutani hadi Jumapili.

Nilimpigia.

"Wifi, hiyo mashine haizimwi."

"Ofisi yangu inapumzika Sabato, nyar Migori." Aliniita hivyo daima, binti wa Migori, kama anayemwonyesha mgeni njia ya kurudi kwao.

"Seva haina dini."

"Lakini soketi ni yangu. Badilisha siku. Ama huko chuo hawakuwafundisha Alhamisi?"

Kubadilisha siku kungemchukua fundi muda wa kunywa chai. Lakini Alhamisi ilikuwa imetoka kinywani mwake, kwa hiyo ilikuwa siku mbaya.

Kila Jumamosi mtambo uliniletea ujumbe: kunakili kumeshindikana. Mwingine angeshtuka. Mimi nilizihifadhi jumbe hizo kama mashahidi, nikingoja mkutano ambao ningezisoma mbele ya mkurugenzi, wifi akose pa kutazama. Nilitaka ziwe nyingi kwanza.

Katika kipindi hicho nilikwenda kijijini Kisegi kumrekodi mama mkwe, mamake wifi, kwa ajili ya kipindi chetu cha wazee. Alizungumza huku akigeuza dagaa wa omena juani. Alisimulia alivyoolewa, akaimba, akawasengenya majirani waliokufa zamani. Kisha akatugeukia sisi.

"Wewe na binti yangu mnagombana kama wake wenza," alisema, "na hata mume wa kugombania hakuna."

Niliiweka rekodi ile kwenye seva ya Migori, nikafuta kinasa sauti ili kipokee matangazo. Mama alifariki kabla kipindi hakijaenda hewani. Kwenye matanga wifi alinijia na, bila kuniita nyar Migori, akaniomba sauti ile tuisikilize sote siku ya ukumbusho. Hatukuwa na nyingine. Nilimwambia atulie, iko salama, nitaileta mwenyewe. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mara hii yeye ndiye mwenye shida na mimi ndiye mwenye ufunguo.

Wiki ya ukumbusho radi ilipiga mnara wetu wa Migori, ikafuata nyaya hadi ndani. Fundi aliifungua seva, akanusa, akarudisha kifuniko.

"Si iko nyingine Homa Bay, madam?" aliniuliza.

Nikatoka nje kupiga simu.

"Wifi, niangalizie kwenye mashine. Rekodi ya mwisho ni ipi?"

Alikwenda, akarudi. "Ni za siku fundi alipoileta. Baada ya hapo hakuna kitu. Kwani hukubadilisha siku?"

"Sikubadilisha."

"Nilidhani ulibadilisha kitambo. Nilidhani ulibadilisha, ukaficha, usije ukaniambia nilisema kweli."

"Hapana."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Na mama?" aliuliza.

"Mama alikuwa Migori tu."

Nilingoja anitukane. Alikata simu.