Mke Mwenza wa Mbao

Dobi alikuwa na mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe alikuwa sanduku. Sanduku la mbao nyekundu lenye sigara nene ishirini na nne, ambalo mumewe alipewa siku aliyostaafu kiwandani, baada ya kusokota tumbaku miaka thelathini. Havuti hata moja. Kila Jumapili asubuhi hulipakata, hulifungua taratibu, hufumba macho, akanusa.

"Leo zinanukiaje?" dobi huuliza, pasi mkononi.

"Nyamaza kidogo, mama watoto. Nasikiliza."

Anasikiliza kwa pua! Dobi amelala ubavuni mwake miaka ishirini na tisa, na pua ile haijamsikiliza hata siku moja. Tena sanduku limepewa droo ya juu ya kabati, na kisponji chake ndani, kinachodondoshewa matone matano ya maji yaliyochemshwa ili sigara zisikauke. Nguo za dobi ziko kwenye boksi, chini ya kitanda.

Sasa, dobi anajua jambo moja barabara: kitu ukikikunja na unyevu wake, kinaota kuvu. Siku moja mume alipokwenda kunyolewa, dobi alichota kikombe kizima cha maji ya bomba, akakinywesha kisponji mpaka kikachuruzika.

"Kunywa, bibie," akaliambia sanduku. "Kunywa ushibe."

Jumapili ya pili yake mume alifungua, akaguta. Manyoya meupe yalikuwa yametambaa juu ya sigara.

"Mama watoto, zimeharibika!"

Dobi alitegemea kufurahi. Badala yake alimwonea huruma, akaweka pasi chini.

"Ni mimi," akasema. "Nimezinywesha maji. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe. Wivu umenizidi."

"Wivu? Na nani?"

"Na huyo." Akalinyooshea sanduku kidole.

Mume akamtazama yeye, akalitazama sanduku, akamrudia yeye.

"Mtu mzima na wajukuu wako! Haya, wewe uliyemuua ndiye utakayemwosha."

Akamwosha. Sigara saba zilizoota kuvu mpaka ndani alizitupa. Kumi na saba alizipitishia brashi laini, moja moja, kisha kitambaa kilichoguswa na spiriti, akazitandaza kwenye karatasi kivulini, maana jua lingezipasua. Sanduku akalipangusa, akaliacha wazi lipigwe na upepo. Mume alikaa karibu, akimtazama.

"Mkono wako mwepesi kuliko wangu," alisema mwishowe. Akaushika, akauleta puani, akafumba macho.

Moyo wa dobi uliruka, kisha ukatua vibaya. Anamnusa nani pale? Yeye, au tumbaku iliyomganda vidoleni?

Akauchomoa mkono, akaenda kwenye karai lake, akajisugua sabuni mpaka kwenye viwiko. Akarudi, maji yanamtiririka.

"Haya," akasema, akimwekea mkono puani. "Nusa tena."