Mistari Minne ya Daftari la Miale

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda kilima cha kituo, nje kidogo ya Kiseke, karibu na ziwa, nimevaa viatu vya harusi ya dada yangu. Fundi Mkuu, mzee wa Nansio, aliitikia shikamoo yangu, akaviangalia vile viatu, kisha akanitafutia ndala bila kunicheka. Nilimpenda kuanzia hapo.

Kazi yetu ilikuwa kuhesabu miale ya anga za mbali, yaani chembe ndogo mno ambazo nyingi hutoka kwenye nyota zilizolipuka. Kila saa kihesabuji kilionyesha jumla, kisha kikaanza upya. Tuliiandika kwa wino, pamoja na mgandamizo wa hewa kutoka kwenye barometa, maana hewa ikizidi kugandamiza, chembe zinazofika chini hupungua. Namba haikufutwa. Ukikosea, uliikata kwa mstari mmoja na kutia sahihi.

Mkuu wa Kituo, mama wa Bukoba asiye na mzaha, alinieleza kwa nini tunajisumbua. Jua hupuliza upepo wenye usumaku, unaoenea hadi kuzipita sayari zote. Jua likichachamaa, upepo huo huzirudisha nyuma chembe nyingi za mbali. Likitulia, chembe huongezeka. Kwetu karibu na ikweta, usumaku wa Dunia umekwisha kuzuia nyingi, hivyo badiliko huwa dogo na ni rahisi kudhani kifaa kimeharibika.

Nami nilidhani hivyo. Asubuhi moja, baada ya Fundi Mkuu kusafisha kihesabuji, namba zilishuka. Alikuwa karibu kustaafu, na Mkuu wa Kituo alikwisha kumwonya asifungue kifaa bila ruhusa. Nilipopokea zamu mchana, namba bado zilikuwa chini. Nikamwonea huruma. Kwa saa nne niliandika namba za jana, nikijiona namsitiri.

Jioni Mkuu alifungua daftari. Saa za mzee zilikuwa chini, zangu ziko sawa. Kwa kuwa kushuka kuliisha mara tu zamu ilipobadilika, akaona mzee amebuni namba, akaandika barua ya kumsimamisha kazi. Fundi alikuwa ameshaweka funguo mezani niliposema ukweli.

Mkuu hakuniamini, alidhani namtetea tu. Alikaa mwenyewe kwenye kihesabuji siku nzima iliyofuata, na siku kadhaa baadaye. Namba zilipanda polepole sana, na vituo vya nchi nyingine vikaleta habari hiyo hiyo.

“Kifaa kibovu hakijiponyi kidogo kidogo,” alisema. “Ni Jua.”

Barua akaichana. Mimi akaniamuru nizikate namba zangu nne mbele ya Fundi, nitie sahihi. Machozi yalinitoka. Mzee alinisogezea kiti.

“Mwanangu,” alisema, “siku nyingine ukinihurumia, niandikie kilichopo.”

Niliandika kilichopo mpaka nilipostaafu. Fundi alikwisha kutangulia, nami bado namlilia. Vijana walioingiza daftari kwenye kompyuta waliniuliza kama wajaze zile saa nne kwa makadirio. Nikawaambia waziache tupu. Mchana ule Jua lilifanya jambo kubwa, na katika ufuko huu wote wa ziwa aliyeziona namba zake ni mimi peke yangu. Siikumbuki hata moja.