Muuza Mitumba Akinong'ona

Mama wa dirishani alikuwa mdaku, mwenyewe hakukataa. Kichanga chake kilikuwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto, katika chumba cha watoto mahututi, na hakijafumbua macho tangu kizaliwe. Lakini macho yake yeye hayakutulia. Yalimfuata yule muuza mitumba wa sanduku la jirani. Aliosha mikono hadi viwiko kama anayefua koti, akaipasha joto kwapani, ndipo akapitisha kidole kimoja kwenye tundu na kunong'ona. Mtu wa kifua kile, koo limekwaruzika kwa kuita wateja, ananong'ona kama mwizi! Mwanawe wala hakutikisika.

Siku mkewe alipoweza kutembea, alisimama mlangoni ameshikilia mshono wake wa upasuaji, akasikiliza, akacheka.

"Baba, unamnong'oneza nani? Huyo amekusikia sokoni tangu yuko tumboni. Kwa sauti hiyo hakujui."

Muuza mitumba akamtazama nesi. Nesi akajifanya anarekebisha dripu.

"Haya njoo, njooo! Chagua mwenyewe!"

Vidole vyembamba kama njiti vikakishika kidole cha baba. Mama wa dirishani akageukia sanduku lake kwa hofu, kichanga chake kisije kikawa kimeshtuka. Kichanga kilikuwa kimefumbua macho, kinatafuta sauti inatoka wapi, kidaku kama mama yake.