Nilivyonyamaza Ndani ya Gari la Kutu

Gari lilikunjika nikiwa ndani yake.

Halikugongwa. Halikuwa hata na magurudumu. Lilikuwa juu ya stendi za chuma gereji, linabonyea katikati, na mimi nimekaa kiti cha dereva kama bwege.

Sikieni kwanza.

Mimi ni fundi bodi mstaafu. Nimegonga bati tangu sina ndevu. Gereji sasa anaiendesha mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Kijana mchapakazi, ila haraka zake! Basi kutwa ni mimi na yeye: nyundo hiyo siyo, puti uliyozibia bati ni nene, mlango huo umekaa upande.

Kuna siku nikamfokea mbele ya wateja. Jioni binti yangu akanijia, uso ameukunja.

"Baba, nakuomba. Ukimkosoa tena mume wangu, wajukuu utawaona kwenye picha."

Jamani! Wale wajukuu ndio pumzi yangu. Nikajifunga mdomo.

Sasa hilo gari. La zamani, la milango minne, limeliwa na kutu mpaka ukikaa ndani unaona sakafu ya gereji. Vyuma virefu vya chini ya milango, vile vinavyoshikanisha mbele na nyuma, vilikuwa vimeoza vyote. Mkwe akafunga milango ili isipoteze mkao, akaniomba nikae ndani na tambara la maji nizime cheche.

Akakata upande wa kulia. Safi.

Nikasubiri achomelee chuma kipya. Fundi hukata upande mmoja, anarudishia, ndipo anahamia wa pili. Ukikata pande zote mbili, gari halina uti wa mgongo.

Mkwe akazunguka kushoto na grenda ya kukatia.

Moyo ukanilipuka, paa! Akanitazama kupitia dirisha, kioo tulishatoa. Nikafungua mdomo.

Nikawakumbuka wajukuu. Nikaufunga.

Cheche zikaruka. Halafu nikasikia: kaaaa...

Gari likabonyea katikati. Nguzo za milango zikaegemeana. Nikavuta kitasa, wapi! Mlango wa pili, wapi!

Hapo nikanusa moshi. Cheche imeingia kwenye sponji ya kiti cha nyuma. Nikizima huku, moto unawaka kule.

"Baba, toka dirishani!"

Nikatoa kichwa, nikatoa mabega, kitambi kikagoma. Nikarudi ndani nakohoa, machozi yananitoka, kisogo kinaungua. Niliogopa, sifichi. Nilianza kumuita marehemu mama yangu.

Mkwe anapiga mlango mateke. Uvumilivu ukaniishia.

"Acha mateke we bwege! Jeki! Weka jeki katikati uinue!"

Akaisukuma uvunguni, akapampu. Puu! Jeki ikatoboa kutu, ikachungulia kati ya miguu yangu.

"Ubao! Weka ubao juu ya jeki, wewe!"

Ubao ukaingia. Gari likalia, likapanda. Mlango ukaachia, mkwe akanivuta kwa kola, tukaanguka wote chini. Akakimbilia mchanga, akaumwaga kwenye kiti mpaka moto ukafa.

Tukakaa sakafuni tunahema.

"Nani kakufundisha kukata pande zote mbili?"

Kijana akanigeukia. "Baba, si nilikutazama?"

"Ulinitazama ndiyo nini?"

"Siku zote unanifokea hata nikishika nyundo vibaya. Ghafla ukawa husemi neno. Nikamuuliza mke wangu, akasema umeridhika na kazi yangu, ndiyo maana umetulia. Leo nikakutazama kabla sijakata. Ukanyamaza. Nikajua niko sawa."

 Binti yangu, kwa kutafuta amani, alinitisha mimi na kumdanganya mumewe.

Kumbe kelele zangu zote, kijana alikuwa anazisikiliza.

Siku hizi nimerudia kufoka, na sauti nimeongeza. Binti kaninunia. Wajukuu? Wanaletwa kila Jumamosi na baba yao mwenyewe. Akishawashusha ananivuta mkono mpaka kwenye gari analolitengeneza, anauliza, "Baba, hapa vipi?"

Ndugu zangu, ukiona mtu anakosea na wewe unajua, sema. Sema vizuri ukiweza. Ukishindwa, sema vibaya, lakini sema.